Mzigo Usioachiwa

Hofu ya kweli haipigi hodi. Ilimwingia Nakijwa Mbwambo mchana wa Ijumaa, akiwa amesimama kwenye ukingo wa juu wa barabara ya zamani ya malori na kishikwambi mkononi, huku watu arobaini wakipita chini yake wamebeba lango la chuma na kuimba. Hakuna kilichokuwa kimeharibika, na hicho ndicho kilichomtisha. Mshale kwenye kioo chake ulikuwa haujatikisika tangu watu wanywe uji, na mshale ule ulitengenezwa ili utikisike.

Lango lilikuwa la ndiva kuu ya kijiji cha Vungwe, bwawa la udongo ambalo mababu walilichimba juu mlimani ili likinge maji usiku na kuyafungulia mashambani asubuhi. Zamani mvua ilikuwa inanyesha. Siku hizi inamwagwa. Masika yaliyopita yaliing'oa barabara vipande vipande, yakachukua lango la mbao na kuacha ufa kwenye ukuta wa bwawa, na chini ya ukuta huo kuna kitongoji cha Bondeni chenye nyumba, mazizi, kanisa na watoto wa Yonazi, mdogo wake Nakijwa. Masika mengine yalikuwa yananukia. Malori hayapandi tena huko, na ndege za kuinua mizigo ni za wenye nazo. Ulibaki msaragambo, ile kazi ya wote ambayo Wapare hawajaiacha: mbiu ikilia kila kaya hutoa mtu, na asiyekuja ajiandae kujieleza.

Msaragambo huu, hata hivyo, ulikuwa na kitu kipya. Kila mbebaji alivaa mkanda mweusi kutoka kifundo cha mkono hadi kwenye kiwiko, na watu wa Vungwe, ambao hawakawii kukipa kitu jina, waliuita sisimizi. Jina liliwafaa kuliko walivyojua.

Nakijwa alikuwa amekaa miaka chuoni akiwatazama sisimizi wakibeba makombo yaliyowazidi ukubwa mara mia. Hakuna nyapara pale. Hakuna hata mmoja anayeiona njia yote. Kila sisimizi, kwa taya zake tu, huhisi mzigo unataka kwenda wapi. Aliye mbele huvuta, aliye nyuma huinua ili mzigo usikwaruze chini. Wote wakifuata mno, mzigo huenda kwa nguvu lakini huenda kipofu. Kila mmoja akivuta kwake, mzigo husimama palepale na jua likawaka. Kati ya hayo mawili kuna mahali pembamba sana, na hapo sisimizi mmoja tu, aliyetoka kuiona njia sasa hivi, akishika anaweza kuwageuza wenzake wote. Mkanda ulitengenezwa uwaweke watu mahali hapo pembamba. Ulipima nguvu ya mkono wako na nguvu ya mzigo mzima, kisha ukakunong'oneza kwenye ngozi, kwa mtekenyo, wenzako wanaelekea wapi.

Mshale ndio ulioonyesha mahali hapo. Ukilala kushoto, kila mtu yuko kivyake. Ukilala kulia, wote wanafuata. Alfajiri ulikuwa unacheza katikati kama inavyotakiwa. Sasa ulikuwa umelala kulia kabisa, kimya, na Nakijwa alipokigonga kioo kwa ukucha alijua anafanya upuuzi, kwa sababu kioo hakikuwa na kosa.

Alimtafuta Yonazi kwa macho. Ukungu ulikuwa umeshuka kiasi kwamba safu za nyuma zilionekana vivuli tu, lakini alimwona: alikuwa upande wa bonde, kwenye kona ya nyuma, mkono umeng'ang'ania kishikio, shingo imetuna. Aliimba kwa sauti kuliko wote, na kama kawaida yake alikuwa nje ya tuni. Nakijwa alijaribu kucheka, kicheko hakikuja.

*

Wiki ile mikanda ilipoletwa, Vungwe walikuwa wamekutana uwanjani, na Nakijwa hakuwaficha kitu. Aliwaeleza kwamba mkanda unaweza kunong'ona, na pia, ukifunguliwa kwa ufunguo fulani, unaweza kupitisha umeme mdogo ndani ya msuli ukaukunja mkono au kuukunjua bila mwenyewe kutaka. Waliotengeneza waliweka hilo kwa ajili ya dharura. Watu waliguna. Kisha Mzee Mndeme, anayepiga mbiu na kuongoza nyimbo za kazi tangu Nakijwa akiwa mtoto mchanga, akasimama bila kuharakisha, akaunyoosha mkono wake wa kulia mbele yake kama anayeuonyesha mnadani.

"Huu ndio ninaosalimia nao watu," alisema. "Mkiuazima, siku nikija kukuamkua, mwanangu, utajuaje kama ni mimi niliyekuja?"

Wakakubaliana kwamba mkanda utanong'ona tu. Nakijwa akaapa mbele yao wote kwamba ufunguo utakaa kwake na hautatumika, na akaapa kwa jina la mama yake aliyelala pale pale nyuma ya kanisa. Kiapo kile alikipenda. Kilimfanya ajione mtu wa kwao, baada ya miaka mingi ya kuitwa msomi kwa ile sauti wanayoitumia kwa mgeni.

Na ni kweli alikuwa wa kwao, kwa sababu asubuhi ya Ijumaa alifanya kosa ambalo mgeni yeyote angeliepuka. Jua lilipopanda, akina mama walikuja na uji. Mzigo wa msaragambo hauachiwi mpaka mbiu ya kutua ilie. Hilo linajulikana, na aliyewahi kuachia kabla ya wenzake huitwa aliyeachia mpaka kwa wajukuu. Kwa hiyo akina mama walipita kwenye safu na kata za uji, wakawanywesha wabebaji mdomoni kama watoto, na vidole vyote vikabaki kwenye vishikio. Mgeni angeuliza kulikoni. Nakijwa aliona kitu kizuri alichokikosa mjini, macho yakamlowa, akapiga picha.

Akina mama wakatangulia juu kuwasha moto. Ilibidi kazi iishe kabla ya jua kuzama, kwa sababu jua la Ijumaa likizama Vungwe ni Sabato, na mtu hata jembe halining'inizi ukutani.

Sasa, akiwa juu ya ukingo katika ukungu, picha ile ilimrudia, na akaielewa. Sisimizi huachia. Huachia kila mara: anashika, anavuta kidogo, anaachia, anazunguka, anaangalia njia, anashika tena mahali pengine. Anaposhika upya anakuwa mjuzi kwa muda mfupi, anavuta kwa akili yake kabla ya kuzama tena katika ufuasi. Kuachia huko ndiko kunakoliacha kundi wazi. Mkanda nao ulifuata hesabu ileile. Kila mkono ulipoachia na kushika tena, mkanda ulianza upya kwa kumsikiliza mwenyewe, halafu ukamhamishia taratibu kwa wenzake. Alikuwa ameujaribu kwa wanafunzi wa chuo, na mwanafunzi ni nani akashika kitu mpaka mwisho? Anajikuna, anakunywa maji, anasoma ujumbe. Watu wa Vungwe walikuwa hawajaachia tangu alfajiri. Mikanda yote arobaini ilikuwa imeshaacha zamani kuwasikiliza waliovaa.

*

Naetwe alitokea kwenye ukungu akikimbia, kanga kiunoni, matope mpaka magotini. Alikuwa mlinzi wa ndiva, mwanamke wa makamo asiyepaparika hata kwa nyoka, na alikuwa anapaparika. Alisema barabara imekatika mbele, pale penye kona wanapopaita Shingoni. Upande wa bonde umemeguka wote, na uliobaki ni ganda la udongo lisilo na kitu chini yake. Alikuwa amepita hapo asubuhi, na sasa aliporudi aliweka mguu, akausikia udongo unapumua. Mzigo upandishwe kushoto, kwenye njia ya ng'ombe, inayoachana na barabara kabla tu ya kona.

Nakijwa aliuliza ni mbali kiasi gani. Naetwe akasema nyimbo mbili, au moja na nusu kama wanaimba kwa kasi. Walikuwa wanaimba kwa kasi.

Wazo la kwanza lilikuwa kuutua mzigo, na wazo hilo lilikufa lilipozaliwa. Barabara hapo inateremka kabla ya kupanda tena, na ilikuwa tope tupu. Lango lile likiwekwa chini lingeteleza kama sabuni, na safu za mbele zilikuwa mbele yake, Mzee Mndeme akiwa wa kwanza. Mzigo ulitakiwa ugeuke ukiwa unatembea. Na kugeuka, Nakijwa alijiambia, ndiyo kazi ya sisimizi. Mgeni mmoja mwenye habari mpya anatosha. Chuoni alikuwa amekiona kitu hicho mara zisizo na idadi.

Akamfunga Naetwe mkanda wa akiba, wakakimbia kando ya safu mpaka mbele, Naetwe akajipenyeza na kushika. Nakijwa akamwambia Mzee Mndeme habari ya Shingoni sikioni. Mzee hakuuliza mara mbili. Aliubadilisha wimbo palepale, akaimba njia ya ng'ombe, njia ya ng'ombe, kushoto jamani, na akavuta kushoto kwa mwili wake wote wa kizee. Naetwe akavuta naye. Safu mbili za mbele zikainama kushoto.

Mzigo ukaenda mbele.

Nakijwa alimtazama Naetwe usoni, na kile alichokiona hakikumtoka tena maishani. Kwa pumzi kadhaa mwanamke yule alivuta kama anayemwokoa mtoto kutoka kisimani. Kisha mabega yake yakalegea kidogo. Kisha miguu yake ikaingia kwenye hatua za wenzake. Kisha akaanza kuimba wimbo wa zamani, ule wa mbele kwa mbele, huku machozi yakimtoka na macho yakiwa yamemkodolea Nakijwa. Alijua. Kila kitu alichokijua saa ile alikuwa bado anakijua, na alikuwa anakwenda.

Safu za nyuma zilikuwa hazioni. Walichosikia ni sauti ya Mzee Mndeme ikipotelea kwenye ukungu, na walichohisi mikononi ni wenzao thelathini na kitu wakisema mbele. Baadaye wengi walikiri kwamba waliusikia wimbo wa kushoto. Kila mmoja alidhani amesikia vibaya, kwa sababu mikono ya wengine wote haikuonyesha kusikia. Wengi wape, wahenga walisema, na pale kila mtu alikuwa anawapa wengi ambao nao walikuwa wanampa yeye.

Nakijwa alipanda tena juu ya ukingo kwa magoti na viganja. Alipiga kelele. Akarusha mawe, moja likampata mtu mgongoni, na mtu yule akaendelea kuimba.

*

Ufunguo ulikuwa kwenye kishikwambi, nyuma ya neno la siri ambalo lilikuwa jina la mama yake. Aliliandika na vidole vikiwa vimelowa.

Kama angeikunjua mikono yote, lango lingeanguka, likateleza, na safu za mbele zingesagwa. Kama asingefanya lolote, upande wote wa bonde ungeingia Shingoni, na lango lingewavuta waliobaki. Hayo mawili hayakuhitaji hesabu. La tatu ndilo lililokuwa na hesabu, na mashine ikamfanyia kabla hajapumua: mkono wa mtu mmoja kati ya watano, waliotawanyika upande wa bonde na nyuma, ukunjuliwe kwa pumzi mbili tu. Wataachia, watashtuka, watashika tena. Wakishika tena watakuwa wageni kwenye mzigo wao wenyewe, mikanda yao itawasikiliza, na masikio yao yatausikia wimbo wa kushoto. Watu wanane. Uzito wao kwa pumzi hizo mbili utawaangukia majirani zao, na mashine ikasema, kwa ile adabu ya mashine, kwamba majirani wengi wataustahimili.

Wengi. Neno hilo alilisoma mara mbili.

Katika wale wanane, jina la tatu lilikuwa Yonazi.

Hapo ndipo hofu ilipopata sura. Nakijwa aliona kwamba angeweza kulifuta jina lile na kuweka la mtu mwingine, na aliona pia kwamba anaweza kuwafuta wengine saba na kuliacha lile peke yake. Mguso mmoja, na mkono wa mdogo wake ungefunguka, angebaki nyuma amesimama kwenye tope, mzima, wakati wengine wakienda. Hakuna ambaye angejua. Aliyaona mabega ya watoto wa Yonazi, waliojipanga Jumamosi iliyopita kwenye benchi la kanisa, akatamani kufanya hivyo kwa tamaa ambayo ilimtisha kuliko Shingoni. Kumbe ndivyo ilivyo rahisi, aliwaza. Kumbe Mzee Mndeme hakuwa anaogopa mkanda, alikuwa anamwogopa mtu aliyeshika kishikwambi.

Aliliacha jina pale lilipowekwa, katikati ya majina mengine. Mpaka leo hajui kama aliliacha kwa sababu ndiyo hesabu ilivyotaka, au kwa sababu aliyeachia kwa pumzi mbili alikuwa, kwa pumzi hizo mbili, mtu salama kuliko wote.

"Mama, nisamehe," alisema kwa sauti, na akagusa.

*

Hakikuwa kitu cha kutazamwa. Watu wanane walifunguka vidole kama watoto walioguswa na moto. Lango likalala upande wa bonde, chuma kikalia, na wimbo ukakatika kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Katika kimya kile Nakijwa alisikia mlio mdogo, mkavu, kama kijiti kinachovunjwa gotini, na ukelele wa mwanamume. Kisha wale wanane wakarukia vishikio vyao. Walishika popote, kwa woga, kwa aibu, mikono juu ya mikono ya wenzao. Na sauti ya Mzee Mndeme, iliyokuwa imepasuka, ikaja kutoka mbele ikiimba njia ya ng'ombe.

Mshale ukatikisika.

Mzigo uligeuka taratibu mno, kama kitanda kinachotolewa mlangoni. Safu za mbele zikavuta, wale wanane wakasukuma, na wengine, bila kujua ni nani aliyeanza, wakajikuta wamekwisha kukubali. Waliikwea njia ya ng'ombe ambayo hata mbuzi asingeitamani. Wa mwisho kutoka barabarani alikuwa Yonazi. Mguu wake wa nyuma ulipoondoka kwenye tope, ganda la Shingoni, lililotikiswa na uzito wa watu waliopita karibu, liliingia bondeni, na hawakulisikia likifika chini kwa muda mrefu.

Hawakusimama. Huko juu jua lilikuwa limebaki shubiri moja.

*

Mbiu ya kutua ililia kando ya ndiva, lango likakaa kwenye magogo yake, na watu arobaini na mmoja wakaachia kwa pamoja. Kwa kawaida hapo ndipo vigelegele huanza. Akina mama waliokuwa wakingoja na chai walivianza, wakaviacha njiani.

Aliyepiga ukelele ule njiani alikuwa Elieza, jirani wa Yonazi kwenye safu. Bega lake lilikuwa limechomoka na mfupa wa mtulinga umevunjika, na alikuwa amebeba hivyo hivyo mpaka mwisho kwa mkono uliobaki. Walimlaza kwenye kanga. Hakumlaumu mtu, lakini alikuwa amegeuza uso usimwangalie Yonazi, na watu wote walikuwa wameona. Wale wanane hawakuhitaji kutajwa. Walikaa mbalimbali, kila mmoja peke yake, wakiwa tayari wametengwa na hakuna aliyewatenga. Mmoja alikuwa shemasi. Mmoja alikuwa mama wa watoto sita ambaye hajawahi kushindwa na mwanamume kwenye kazi yoyote. Yonazi alikuwa amekaa juu ya jiwe akiukodolea mkono wake.

"Niliachia, dada," alisema Nakijwa alipomkaribia. "Sijui ilikuwaje. Niliachia, Elieza akavunjika."

Nakijwa aliyatazama maji ya ndiva, yaliyokuwa yamesimama nusu, na ufa kwenye ukuta. Nguzo mbili za lango zilikuwa bado chini barabarani, zikingoja Jumapili. Bila mikanda, katika njia ya ng'ombe, pengine zisingefika kabla ya mvua. Akinyamaza, mikanda itabaki. Angerekebisha hesabu, mtu angeachia na kushika kwa zamu, Bondeni ingelala salama, na wale wanane wangeitwa walioachia. Wangezoea. Sababu za kunyamaza zilikuja zote kwa mpigo, zimevaa vizuri, na wingi wake ndio uliomwogopesha. Alihisi kama naye amevaa mkanda.

Akamwita Mzee Mndeme, na akasema mbele ya watu wote, kwa sauti iliyokuwa inamtoroka.

"Yonazi hakuachia. Hakuna aliyeachia. Mimi ndiye niliyewafungua mikono, kwa ufunguo niliowaapia."

Aliwaeleza yaliyobaki. Aliwaeleza kuhusu uji, kuhusu sisimizi wanaoachia, kuhusu mshale. Hakuacha hata lile la kufuta majina. Naetwe ndiye aliyeanza kuvua. Aliung'oa mkanda kwa meno, akautupa majini, kisha akanawa mkono mpaka kwenye kwapa, akinawa na kunawa, na akasema, bila kumwambia mtu, kwamba alikuwa anajua, mwili ndio uliomkatalia kujua. Wengine wakafuata, mmoja mmoja. Nakijwa aliona, na hakupenda kuona, kwamba kadiri waliovua walivyozidi, waliobaki walivua kwa haraka zaidi.

Mzee Mndeme alibaki wa mwisho. Alimkabidhi Nakijwa mkanda wake mkononi, kwa heshima, kama mtu anayerudisha chombo cha watu.

"Umetuokoa," alisema. "Siwezi kusema uongo Sabato inaingia. Watu hawa wako hai kwa ajili yako."

Nakijwa akanyoosha mkono wa kulia. Mzee aliutazama. Aliutazama kwa muda, kwa huruma ambayo ilikuwa mbaya kuliko hasira, kisha akaweka mikono yake nyuma ya mgongo.

"Tungoje kidogo, mwanangu," alisema, akaenda kuketi na Elieza.

Jua likazama. Wimbo wa kuikaribisha Sabato ulianza upande wa akina mama, ukayumba, ukapata miguu. Hakuna aliyezungumza habari ya nguzo. Mawingu yalikuwa yameanza kukaa upande wa tambarare.

Nakijwa alimletea Yonazi chai kwenye kikombe cha bati. Yonazi alikipokea kwa mikono miwili. Alama ya mkanda ilikuwa bado kwenye ngozi yake, mistari myekundu kutoka kifundoni hadi kwenye kiwiko, na Yonazi alikuwa anaitazama hiyo, haitazami chai.

"Hapa nimeshika mimi?" aliuliza.

"Ni wewe."

"Nitajuaje?"

Nakijwa alikuwa na shahada mbili za mambo ya namna hii. Akakaa chini kando yake. Yonazi hakunywa. Alikishika kikombe mpaka mvuke ukaisha, mpaka wimbo ukaisha, vidole vimekaza hadi kucha zikawa nyeupe. Alipotaka kukiweka chini hakuthubutu. Ilibidi amwombe dada yake amfungue vidole, na Nakijwa akamfungua kimoja kimoja, polepole, akimwuliza kila kimoja kama anaruhusu.